Ngozi Nyeusi si Doa la Kufuliwa

Juma hili ukurasa wetu wa afya ya nyumba wataka kusema juu ya ngozi, na hasa juu ya vitu tunavyoipaka. Msidhani ya kuwa hii ni habari ya urembo tu, wala msidhani ni habari ya akina mama peke yao. Vijana wetu wa kiume nao wamo, tena si wachache.

Mambo haya huonekana wazi siku ya arusi. Bibi arusi ananyosha mkono ili avikwe pete. Uso wake ni wa rangi ya papai lililoiva, mkono wake hivyo hivyo, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kama alivyozaliwa navyo. Masikio nayo yamekataa kubadilika. Walioketi nyuma wananong'ona na kucheka. Sisi hatupendi kicheko hicho. Anayecheka hajui ni kwa nini binti yule alianza, wala hajui jinsi ilivyo vigumu kwake sasa kuacha. Mambo hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo, na katikati yake tutasema ni kitu gani kimo ndani ya kikopo.

Tuanze na chanzo. Watu hufikiri ya kuwa kila anayejichubua ameionea haya rangi yake. Wapo hao, hatukatai. Mtoto husikia nyumbani dada yake mweupe akisifiwa, naye akitaniwa. Shuleni wenzake humwita kwa majina ya makaa na masufuria. Akikua huenda dukani kutafuta dawa ya jeraha hilo. Lakini wako wengine wengi ambao walianza kwa ugonjwa mdogo tu, na habari zao hazisimuliwi.

Ngozi nyeusi ina desturi yake. Kila mahali palipowashwa, palipoungua au palipokwaruzwa, yenyewe hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Chunusi hupona baada ya siku kadha, lakini alama yake nyeusi hukaa miezi, na mara nyingine hupita mwaka. Vipele vinavyowatoka wanaume shingoni baada ya kunyoa ndevu huacha alama vilevile. Mama mja mzito naye huweza kupata mabaka ya hudhurungi mashavuni na juu ya mdomo, ambayo aghalabu hufifia baada ya kujifungua. Alama hizo si uchafu wala si ugonjwa. Ni kazi ya ngozi yenye afya iliyotiwa wasiwasi, na dawa yake kubwa ni subira na kuacha kuzitumbua kwa kucha.

Lakini msichana wa miaka kumi na saba hana subira. Huenda sokoni kutafuta kitu cha kuondoa alama tatu za shavuni. Muuzaji humpa kikopo. Baada ya majuma machache alama zimefifia, na uso mzima umefifia pamoja nazo. Majirani wasema amependeza. Sasa shingo haifanani na uso, basi hupaka shingo. Mikono haifanani na shingo, hupaka mikono. Hivyo alama tatu zimekuwa mwili mzima, na kikopo kimoja kwa mwezi kimekuwa vinne.

Ni nini hasa kinachofifishwa? Chini ya tabaka ya juu ya ngozi zimo chembe hai zitengenezazo rangi iitwayo melanini. Idadi ya chembe hizo ni karibu sawa kwa watu wote, mweusi kwa Mzungu. Tofauti yetu ni kwamba kwa mweusi punje za rangi ni kubwa zaidi, ni nyingi zaidi, nazo hutawanywa vizuri katika ngozi yote. Punje hizo hukaa juu ya kiini cha kila chembe kama kofia na kukikinga na miali mikali ya jua. Ndiyo maana saratani ya ngozi iletwayo na jua ni nadra kwa watu weusi, na ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana kofia hiyo, hupatwa nayo mapema sana katika nchi zetu za jua kali. Anayeondoa melanini kwa fedha yake mwenyewe hujivua kinga ambayo wenzake wenye ualbino wangefurahi kuwa nayo.

Sasa tufungue kikopo. Aghalabu tutakuta mojawapo ya vitu vitatu, na mara nyingine vyote vitatu kwa pamoja, kwa kuwa wauzaji hupenda kuvichanganya wenyewe. Tanzania na Rwanda mchanganyiko huo huitwa mkorogo, na jina hilo lajieleza.

Kitu cha kwanza ni hidrokinoni. Historia ya ukoo wake yafaa kujulikana. Mwaka 1939 iliandikwa huko Marekani habari ya wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kulainisha ngozi za wanyama, ambao walikuwa wamepatwa na mabaka meupe mikononi. Waganga walichunguza, wakaona ya kuwa chanzo chake ni dawa iliyotiwa katika glavu za mpira walizovaa kazini. Dawa ile ni ndugu wa hidrokinoni. Basi jambo lililokuwa ajali ya kiwandani likageuka biashara, na baadaye vikopo vya kuahidi weupe vilijaa madukani, hasa katika Afrika ya Kusini.

Huko huko Afrika ya Kusini ndiko madhara yake yalikoonekana kwanza kwa wingi. Mwaka 1975 mganga wa ngozi Findlay pamoja na wenzake waliandika juu ya wagonjwa ambao mashavu yao, badala ya kuwa meupe, yalikuwa yamegeuka meusi yenye kuelekea rangi ya samawati, ngozi ikawa nene na kujaa vidonge vidogo vidogo kama mayai ya samaki. Ugonjwa huo huitwa okronosi. Hujificha kwa miaka, kisha hutokea pale palepale palipopakwa sana na palipopigwa na jua: mashavuni, pembeni mwa macho, juu ya pua. Mwenye nao hufikiri ya kuwa weusi umerudi, huongeza dawa, na dawa humwongezea weusi. Hakuna mganga awezaye kuahidi ya kuwa ataiondoa. Mwaka 1990 serikali ya nchi ile ilitoa sheria ya kukataza vipodozi vya kuondoa rangi, hata maneno ya kuahidi weupe yakakatazwa kuandikwa juu ya kikopo. Ulaya nayo iliondoa hidrokinoni katika mafuta ya kupaka ngozi mwaka 2001. Waganga wa ngozi bado huitumia mara nyingine kama dawa, lakini kwa kipimo, mahali padogo, kwa miezi michache, nao humwangalia mgonjwa. Hilo ni jambo lingine kabisa.

Kitu cha pili ni zebaki, ile madini ing'aayo kama fedha iliyoyeyuka. Katika sabuni na krimu haing'ai. Imefichwa ndani ya chumvi zake. Huzuia chembe zisitengeneze rangi, lakini haikai katika ngozi. Huingia katika damu, na damu huipeleka mafigoni. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima waliolazwa kwa sababu mafigo yao yalikuwa yakipoteza protini katika mkojo, hata miili ikavimba. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wamepaka krimu zenye zebaki. Hawakuwa na ugonjwa wa ukoo wala hawakunywa sumu; walijipaka tu. Zebaki hudhuru pia mishipa ya fahamu, ikaleta kutetemeka, kukosa usingizi, ganzi ya mikono na huzuni isiyo na sababu. Kwa mama mja mzito hupita hata kumfikia mtoto tumboni.

Hapa tuna neno moja ambalo si la uganga. Nchi za Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vyao mwaka 1976. Hata hivyo viwanda vya huko viliendelea kwa miaka mingi kutengeneza sabuni ya zebaki kwa ajili ya kuileta Afrika, mpaka mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipokataza kuisafirisha. Yaani kitu kilichokuwa sumu kwa mwenye kiwanda kilihesabiwa kuwa sabuni kwa mteja wake. Fikirini jambo hilo mnaposikia ya kuwa kitu ni kizuri kwa sababu kimetoka ng'ambo.

Lakini tusiwalaumu wa mbali tu. Katika matangazo ya Ulaya ya bidhaa zilizoondolewa madukani huonekana mara kwa mara krimu za kujichubua zilizoandikwa ya kuwa zimetengenezwa Côte d'Ivoire au Kongo. Sumu hii siku hizi twaipika pia nyumbani kwetu, na kuwapelekea watoto wetu walioko ugenini.

Kitu cha tatu ndicho kinachotutia hofu kuliko vyote, kwa sababu kina sura ya dawa, nacho ni dawa kweli. Ni kortikoidi. Tangu mwaka 1952 waganga wamejua ya kuwa dawa za jamii hiyo zikipakwa hutuliza ngozi iliyowaka, na watoto wengi wenye ukurutu wamelala usingizi kwa sababu yake. Muuguzi akikupa kityubu kidogo na kukuambia upake mahali fulani kwa siku saba, mtii, wala usiogope. Ubaya waanza mtu anapopaka kortikoidi kali, kama klobetasoli au betametasoni, mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka, kwa sababu ameona ya kuwa hufifisha rangi.

Ngozi hiyo hupungua unene mpaka mishipa ya damu ikaonekana chini yake. Michirizi mipana hutokea mapajani, kwapani na matitini, nayo haifutiki tena. Nywele huota usoni mwa wanawake. Vidonda vidogo havifungi. Siku mama anapofanyiwa operesheni ya kujifungua, mganga hushona na uzi hukata ngozi kama unavyokata karatasi iliyolowa. Kidonda hufunguka, hunuka, na mama aliyetazamia kurudi nyumbani baada ya siku chache hubaki kitandani majuma. Tena dawa yenyewe hupenya ndani. Hupandisha sukari ya damu, hupandisha msukumo wa damu, hudhoofisha mifupa. Huko Dakar, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, zaidi ya nusu ya waja wazito waliochunguzwa walikuwa wakijichubua, na waliotumia kortikoidi kali kwa wingi ndio waliozaa zaidi watoto wenye uzito mdogo. Watoto hao hawakuzaliwa weupe kwa ajili ya krimu, kwani rangi ya mtoto haitoki katika kikopo. Walizaliwa wadogo tu.

Kuna madhara mengine ambayo hayasemwi sana, nayo ni kwamba dawa hizi huficha magonjwa. Hapa twaomba akina mama wasikilize, hata wale ambao hawajajichubua kamwe, kwa maana katika nyumba nyingi kityubu kimoja cha kortikoidi hutumika kwa kila kitu kinachowasha.

Chukueni mfano wa choa. Ni ukungu unaokaa katika ngozi, hufanya duara lenye ukingo ulioinuka na katikati kulikotulia. Kukipakwa kortikoidi, mwasho hupungua siku ile ile, ukingo hulala, mama hufurahi. Ukungu nao hufurahi zaidi, kwa maana walinzi wa mwili wamelazwa usingizi. Baada ya mwezi duara limekuwa bara zima, halina tena sura yake, na hata muuguzi hulitazama asilijue. Choa cha mwilini chataka dawa ya ukungu, kama klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, ambayo hupatikana kwa bei ndogo. Ni ya kupakwa majuma kadha, hata baada ya alama kwisha. Choa cha kichwani, yaani mapunye ya watoto, hakiponi kwa mafuta pekee, chahitaji vidonge.

Upele nao una mambo yake. Mdudu wake ni mdogo sana, huchimba njia katikati ya vidole, kiunoni na makalioni, naye huwasha hasa usiku. Kumpaka mtoto mmoja anayejikuna na kuwaacha wengine sita wanaolala naye ni kufukuza mbuzi na kuacha ua wazi. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto au vifungwe siku kadha pasipo kutumiwa. Mwasho huweza kuendelea majuma mawili au zaidi hata mdudu amekwisha kufa, basi msianze kumrundikia mtoto dawa juu ya dawa.

Ugonjwa wa kutisha zaidi kuufunika ni ukoma. Kongo ni mojawapo ya nchi za Afrika ambako bado kunaonekana wagonjwa wapya kwa maelfu kila mwaka. Huanza kwa doa lililofifia, mara nyingi moja tu, lisiloumiza wala kuwasha. Mtu ambaye ngozi yake yote imefifishwa, doa hilo atalionaje? Na yule anayeliona hufikiri ni mba, hulipaka chochote. Njia ya kulipima ni rahisi: fumba macho, mtu akuguse juu ya doa kwa ncha ya pamba, kisha kando yake. Usipoisikia pamba juu ya doa, nenda kituo cha afya juma hilo hilo. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani pote tangu mwaka 1995, hunywewa kwa miezi sita au kumi na miwili, na aliyeanza mapema hapotezi kidole hata kimoja. Aliyepoteza miaka miwili katika pomadi aweza kupoteza mkono.

Tena, tangu ugonjwa wa mpox ulipozuka Kamituga mwaka 2023, vipele vinavyokuja pamoja na homa na kuvimba kwa tezi visipakwe kitu chochote kabla ya kuonwa na muuguzi.

Mtatuuliza: je, serikali hazioni? Zaona. Rwanda ilitafuta vikopo hivyo maduka kwa maduka mwishoni mwa mwaka 2018 na kuviondoa. Mapatano ya dunia juu ya zebaki, yaitwayo ya Minamata, yalianza kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi zilizokutana Geneva ziliamua ya kuwa ifikapo mwaka 2025 zebaki isiwemo hata kidogo katika vipodozi. Lakini sheria hukaa mjini na kikopo husafiri kwa pikipiki. Mwenye kulinda ngozi yako sokoni ni macho yako mwenyewe.

Basi someni kabla ya kununua. Neno "hydroquinone" likiwapo, rudisheni. Maneno "mercure", "mercury", "calomel" au herufi "Hg" yakiwapo, rudisheni upesi zaidi. Kikopo kikionya ya kuwa dawa isiguse dhahabu, fedha wala mapambo, huenda ni zebaki inayojificha. Kitu kinachoogopwa na pete kitamfanyia nini mwenye kidole? Majina yenye mwisho kama wa "clobetasol" na "betamethasone" ni kortikoidi. Na kikopo kisichoandikwa kitu, kilichojazwa nyuma ya duka kwa kijiko, hatuna la kukisemea.

Juu ya sindano za kung'arisha ambazo vijana wa mijini husifiana, tutasema kidogo. Nyingi zina kitu kiitwacho glutationi. Hata Marekani, ambako dawa ni nyingi kuliko watu wanavyoweza kuzimeza, serikali haijakubali sindano yoyote kwa kazi ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Nazo mashine za miali na maji makali ya kubambua uso huweza kuunguza ngozi nyeusi na kuiachia makovu yaliyofura, zikishikwa na mtu asiyejifunza kazi hiyo.

Waganga waliojifunza wako, ingawa ni wachache. Huko Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna chuo ambacho huwafundisha waganga na waganga wasaidizi wa nchi nyingi za Afrika kazi ya magonjwa ya ngozi. Huko huko hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Na mwezi wa Mei 2025 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio juu ya magonjwa ya ngozi. Twatumaini ya kuwa azimio hilo litafika hadi dispensari zetu za Kivu na Katanga, ambako muuguzi mmoja hutazama ngozi, macho, meno na malaria katika asubuhi moja.

Tufike sasa kwa yule aliyekwisha kuanza na anayetaka kuacha. Yeye ndiye tuliyemfikiria tulipoanza kuandika. Aghalabu amekwisha kujaribu mara mbili au tatu, kisha akarudi, na watu wa nyumbani humwona ni mpenda anasa asiye na nia. Si hivyo. Ngozi iliyozoea kortikoidi ikinyimwa ghafula huwaka, hutoa vipele, huwasha usiku kucha, na rangi hurudi kwa mabaka mabaka, nyeusi kuliko ilivyokuwa. Binti huona ya kuwa uso wake umeharibika, na kitu kimoja tu chaweza kuutuliza usiku ule ule: kikopo kilicho chini ya kitanda. Mtego huo ndio unaomrudisha.

Asiogope kwenda kituo cha afya na kikopo chenyewe mkononi. Kama ni zebaki, aache siku hiyo hiyo, na mkojo wake upimwe. Kama ni hidrokinoni, aache pia, na ajifunike na jua kwa kofia, kitambaa au mwavuli. Lakini kama ni kortikoidi, aliyoipaka mwili mzima kwa miezi mingi, asiache kwa siku moja peke yake. Tezi ndogo zilizo juu ya mafigo, ambazo kazi yake ni kuutengenezea mwili dawa ya jamii hiyo, zimekwisha kulala kwa kukosa kazi. Dawa ikikatwa ghafula mtu huweza kulegea, kutapika na kuzimia. Muuguzi au mganga atampunguzia kidogo kidogo. Na awe tayari kwa miezi ya kuonekana vibaya. Tunasema hivyo wazi, maana aliyeahidiwa kupona kwa juma moja hukata tamaa juma la pili. Ngozi hurudi, ingawa michirizi na okronosi havirudi nyuma. Wakati huo yamtosha sabuni ya kawaida isiyo kali, na mafuta mepesi kama vaselini au mafuta ya nazi.

Akina baba, ninyi nanyi mnaweza kufupisha miezi hiyo au kuirefusha. Mume aliyekuwa akimsifu mkewe kwa weupe na sasa akae kimya mbele ya mabaka yake, amemwambia neno zito. Nao wanafunzi, wanaosoma ukurasa huu kwa ajili ya masomo yao, watazame ni nani darasani mwao anayeitwa Makaa, na kama alijipa jina hilo mwenyewe.

Mwisho, habari ya vikopo vilivyobaki. Visipewe dada mdogo wala jirani kwa kuona huruma ya fedha iliyotumika. Krimu ya zebaki hubaki katika taulo, mito na mashuka, hutoa mvuke ndani ya chumba, na mtoto atambaaye huipata kwa mikono na kuitia kinywani. Watoto wamepatikana na zebaki mwilini ambao hawakupakwa hata tone moja, ila walibebwa na mama aliyejipaka. Kwa hiyo kikopo kifungwe vizuri katika mfuko, kisitupwe motoni wala mtoni, kipelekwe kituo cha afya pamoja na mwenyewe. Taulo na mto alivyotumia navyo vifungwe, viende naye huko huko. Na mtoto aliyekuwa akilala naye apelekwe apimwe mkojo siku ile ile.